Toyota ya kwanza kwenye orodha moja, ya mwisho kwenye nyingine: nani hasa amepunguza hewa ukaa?

#1 Mkaguzi_Kinondoni
Wakuu, habari za jioni. Ofisi yetu inabadilisha magari ya miradi, na safari hii mfadhili ameweka sharti jipya: kwenye zabuni, alama 20 ziende kwa "utendaji wa kampuni iliyotengeneza gari katika kupunguza hewa ukaa". Yaani anayepimwa ni kampuni, gari lenyewe lina alama zake pembeni. Kazi ya kutengeneza hizo alama imeniangukia mimi.

Nikaanza na Toyota, maana nusu ya wazabuni wataleta Toyota. Ulaya mwaka 2019, Toyota ilikuwa na wastani mdogo wa hewa ukaa kuliko chapa zote kubwa, chini ya gramu 100 kwa kilomita, wakati wastani wa magari mapya yote ulikuwa karibu 122. Nikasema basi, alama zote 20 hizo. Nikafungua orodha ya shirika la mazingira la Greenpeace ya makampuni kumi makubwa duniani: Toyota ya mwisho mwaka 2021, na ya mwisho tena 2022. Kampuni ile ile, miaka haijapishana sana.

Naomba kipimo kimoja ambacho mzabuni aliyekosa hataweza kunikatia rufaa nacho. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Kilomita_Sifuri
Mkuu, mbona rahisi. Chukua gramu kwa kilomita za mwaka wa kuanzia, chukua za mwaka huu, toa asilimia ya kupungua, panga. Greenpeace wanaangalia nani kauza magari mengi ya umeme, nani katangaza mwaka wa kuachana na injini, nani ana mpango wa chuma na betri zake. Mengi ya hayo ni ahadi. Wewe umeulizwa utendaji.

#3 Dada_Hesabu
Salaam. Njia ya #2 ina mashimo, na mzabuni mwenye mwanasheria atayaona kabla ya chai ya saa nne.

Tesla ilianza na sifuri kwenye ekzosi na mpaka leo ni sifuri. Kwa njia yako haijapunguza chochote, inakuwa ya mwisho. Aliyeanza na magari mazito yanayokula mafuta, akayapunguza kidogo, anakuwa wa kwanza. Aliyefanya kazi yake mapema anaadhibiwa.

Halafu kuna jumla. Chukua mfano wa kubuni. Kampuni A iliuza magari 1,000,000 yenye wastani wa gramu 120. Mwaka unaofuata inauza 1,300,000 yenye gramu 108. Kwa kilomita imepunguza asilimia 10, inapigiwa makofi. Lakini kila kilomita moja ambayo magari ya mwaka huo yote yatatembea sasa inatoa tani 140.4 badala ya 120, imeongezeka asilimia 17. Kampuni B iliuza 1,000,000 yenye gramu 130, mauzo yakaporomoka hadi 800,000 yenye gramu 128. Jumla imeshuka asilimia 21. B haijabuni lolote, imekimbiwa na wateja tu. Nani apewe alama?

#4 Kilomita_Sifuri
Apewe A. Hao wateja 300,000 wangenunua gari kwa mtu mwingine. Kama wamehama kutoka B kwenda A, dunia imepata nafuu.

#5 Dada_Hesabu
Hiyo "kama" ndiyo inabeba hoja yako yote.

#6 FundiWaGerezani
Mnabishana juu ya namba za kiwandani kana kwamba zimeshuka na malaika. Mmesahau Volkswagen 2015? Magari milioni 11 yaliwekwa programu ya kudanganya kipimo cha hewa ukaa. Mimi tangu siku ile nikiona karatasi ya kiwanda naikunja naiweka chini ya jeki.

#7 Mbongo_Stuttgart
Fundi, milioni 11 ni kweli, lakini udanganyifu ule ulihusu oksaidi za naitrojeni, moshi unaoumiza mapafu. Hewa ukaa ni habari nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kwa kazi waliyopewa na shirika la utafiti wa usafiri safi, ICCT, walifunga vifaa kwenye ekzosi wakaendesha barabarani, namba zikakataa kulingana na za maabara. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatoa notisi. Novemba mwaka huo huo ndipo Volkswagen ikasema kuna magari kama 800,000 ambayo hata hewa ukaa yake huenda iliandikwa pungufu, halafu Desemba ikashusha idadi hiyo hadi magari 36,000 hivi.

Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya kupimia, niwape picha. Gari linalala kwenye chumba chenye nyuzi 23 mpaka injini na mafuta yake vifikie joto lile lile. Asubuhi linasukumwa, haliwashwi, mpaka kwenye rola. Linafungwa minyororo. Mbele kuna feni kubwa, nyuma kuna bomba linalomeza moshi wote, na sampuli yake inakusanywa kwenye mifuko. Dereva haangalii barabara, anaangalia skrini yenye mstari wa mwendo, na hatakiwi kuuacha mstari kwa zaidi ya kilomita 2 kwa saa. Dakika 30, kilomita 23 na kidogo. Hicho ndicho kipimo cha WLTP, kilichoanza Septemba 2017 kwa aina mpya za magari na 2018 kwa magari mapya yote. Cha zamani, NEDC, kilikuwa dakika 20 na kilomita 11, mwendo wa bibi harusi.

#8 FundiWaGerezani
Sawa, ni naitrojeni. Bado ilikuwa programu ya kudanganya kipimo, na aliyeweza kudanganya kimoja anaweza kingine. Rola haijui mashimo wala foleni ya Tazara.

#9 Kilomita_Sifuri
Fundi, haihitaji kujua. Makampuni yote yanapimwa kwenye rola ile ile, chumba kile kile cha nyuzi 23. Kama namba zote ziko chini ya ukweli kwa asilimia 20, mpangilio haubadiliki. Wa kwanza anabaki wa kwanza.

#10 Mbongo_Stuttgart
Ingekuwa pengo ni sawa kwa wote, ningekubali. Haliko sawa. Tangu 2021 magari mapya Ulaya yana kihesabu cha ndani kinachorekodi mafuta yaliyotumika kweli. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya magari karibu 600,000. Ya petroli na dizeli yalizidi namba rasmi kwa asilimia 20 hivi. Haibridi za kuchomeka (zenye injini ya mafuta pamoja na betri unayochaji kwa waya) zilizidi mara tatu na nusu: wastani wake barabarani ulikuwa karibu gramu 139.

Kwa hiyo kampuni mbili zenye wastani sawa kwenye karatasi, moja imeufikia kwa haibridi za kuchomeka, nyingine kwa injini ndogo. Barabarani hazifanani hata kidogo.

#11 Nyali_Mombasa
Hii ya kuchomeka ninaijua. Binamu yangu yuko Uingereza, kazini kwao walipewa gari za namna hiyo kwa sababu kodi yake ni ndogo. Nilipomtembelea nikafungua buti kuweka mizigo, waya wa kuchaji uko ndani ya nailoni yake, haujawahi kufunguliwa. Nikamwuliza, akaniambia mafuta analipa mwajiri, umeme wa nyumbani analipa yeye. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

#12 Kilomita_Sifuri
Hapo kosa ni la binamu yako na mwajiri wake. Kampuni imetengeneza gari linaloweza kutembea kwa umeme. Unaipimaje kwa uvivu wa mteja?

#13 Mbongo_Stuttgart
Kwa sababu kampuni ndiyo iliyopewa sifa ya umeme ambao mteja hakuutumia. Kanuni ilidhania sehemu kubwa ya safari ni za umeme. Dhana hiyo sasa inarekebishwa kwa awamu, 2025 na 2027, na ikirekebishwa wastani wa baadhi ya makampuni utapanda bila gari hata moja kubadilika.

#14 Mkaguzi_Kinondoni
Asanteni sana. Nimeona mahali kwamba Ulaya kila kampuni ina lengo lake, hawana lengo moja. Je, nikipima umbali kati ya kampuni na lengo lake? Hiyo si itakuwa haki zaidi?

#15 Dada_Hesabu
Angalia lengo linavyotengenezwa kwanza. Kwa kanuni ya 2020: 95 ongeza 0.0333 mara (uzito wa wastani wa magari ya kampuni toa 1,379.88). Kampuni yenye magari ya wastani wa kilo 1,680 inaruhusiwa gramu 105. Yenye kilo 1,080 inatakiwa ifike 85. Maana yake ukiongeza uzito wa magari yako, lengo linalegea. Anayeuza vigari vidogo anaweza kuwa na gramu 90 akawa amefeli, na anayeuza mijigari akawa na gramu 104 akafaulu.

Halafu kulikuwa na hesabu ya upendeleo: gari la chini ya gramu 50 lilihesabiwa kama magari mawili mwaka 2020, 1.67 mwaka 2021, 1.33 mwaka 2022. Uza magari tisa ya gramu 130 na moja la umeme: wastani wa kweli ni 117. Hilo la umeme likihesabiwa mara mbili, wastani unakuwa 106.4. Gramu kumi na zaidi zimeyeyuka kwenye karatasi.

#16 Mbongo_Stuttgart
Nyongeza kwa #15: upendeleo huo ulikuwa na kikomo cha gramu 7.5 kwa miaka yote mitatu ikijumlishwa. Kwa hiyo mfano wako wa gramu 10.6 ungekatwa.

#17 Dada_Hesabu
Ungekatwa, ndiyo, na 7.5 bado ni nyingi. Kila gramu moja iliyozidi ni yuro 95 kwa kila gari lililouzwa. Kwa magari milioni moja hizo ni yuro milioni 95 kwa gramu moja. Volkswagen mwaka 2020 walikosa lengo kwa nusu gramu tu, faini ikapita yuro milioni 100.

#18 Mzee_wa_Jimny
Wajukuu, mmegusa ninapopapenda. Mnajua kwa nini Suzuki Jimny mpya iliondoka Ulaya kama gari la abiria? Gari dogo, watu wameliagiza wanangoja foleni, lakini gramu zake zilikuwa nyingi na Suzuki ni kampuni ya magari mepesi, lengo lake ni kali kama alivyoeleza Dada hapo #15. Wakalitoa sokoni, halafu wakalirudisha bila viti vya nyuma, limesajiliwa kama gari la mizigo. Injini ile ile! Magari ya mizigo yana hesabu yake tofauti. Kwenye wastani wa magari ya abiria, Jimny ikapotea.

Langu lina viti vinne na linapanda Lushoto bila kuomba ruhusa ya mtu.

#19 FundiWaGerezani
Mzee, Jimny hilo la 1998 ndilo lilileta ukame 😂

#20 Mzee_wa_Jimny
Fundi, wewe leta lile koili nililokulipia tangu Pasaka.

#21 Bongo_Houston
Huku Marekani ni hadithi hiyo hiyo ila kwa upana wa gari badala ya uzito. Lengo linategemea eneo kati ya magurudumu manne, na magari ya aina ya piki-apu yana mstari wake mwepesi zaidi. Matokeo yake kila anayeweza kulifanya gari liitwe piki-apu analifanya.

Na mkitaka kulinganisha makampuni ya mabara tofauti, angalieni sana. Magari mapya ya Marekani ya mwaka wa modeli 2023 yalikuwa na wastani wa gramu 319 kwa maili, sawa na 198 hivi kwa kilomita. Ulaya mwaka huo ni kama 107. Watu wanaziweka hizo mbili pamoja kwenye jedwali moja, wakati ya Marekani imeshakadiriwa ifanane na barabara na ya Ulaya ni ya rola.

Isitoshe, tangu sheria ya Julai 2025 faini ya kukosa viwango vya mafuta huku imewekwa dola sifuri. Lengo lipo, adhabu haipo. Ukimpima mtu kwa lengo ambalo hana sababu ya kulifikia, umepima nini?

#22 Kilomita_Sifuri
Umepima tabia yake akiwa hana kiboko. Mimi naona hicho ni kipimo kizuri kuliko vyote.

#23 Nyali_Mombasa
Mimi naomba kuelezwa hii biashara ya kuungana. Nilisoma kwamba Fiat Chrysler walimlipa Tesla ili magari ya Tesla yahesabiwe kwao. Hiyo si ni kununua cheti?

#24 Mbongo_Stuttgart
Inaruhusiwa kisheria. Makampuni yanaunda kundi, wastani unahesabiwa kwa kundi zima. Fiat Chrysler na Tesla walianza 2019. Kwa lengo la 2025 Tesla alikusanya Stellantis, Toyota, Ford, Mazda na Subaru kwenye kundi lake, na Mercedes akaungana na Volvo na Polestar. Halafu mwaka huo huo Ulaya ikalegeza, lengo likaruhusiwa kufikiwa kwa wastani wa miaka mitatu, 2025 hadi 2027.

Kwa hiyo Mkaguzi, ukichukua takwimu za kundi umechanganya kampuni. Chukua za kampuni moja moja, Shirika la Mazingira la Ulaya linazichapisha hadi gari moja moja.

#25 Dada_Hesabu
Na Tesla alilipwa vizuri. Mwaka 2024 mapato yake ya kuuza haki hizi, dunia nzima, yalikuwa dola bilioni 2.76. Kuna wanaosema fedha hizo ndizo zilizomwezesha kukua, kwa hiyo aliyezilipa naye amechangia kupunguza. Wengine wanasema aliyelipa amenunua ruhusa ya kuendelea kama kawaida. Nimesoma pande zote mbili na kila upande una hesabu zake.

#26 Haibridi_Damu
Naona Toyota inasemwa pembeni pembeni. Wao walitoa hoja kwa wauzaji wao mwaka 2023: madini ya betri ya gari moja la umeme la masafa marefu yanatosha haibridi za kuchomeka 6 au haibridi za kawaida 90. Na hizo 90 kwa maisha yake zinapunguza hewa ukaa mara 37 ya lile gari moja. Kama madini ni machache, nani mwenye akili hapo? Greenpeace waliwaweka wa mwisho kwa sababu hawakuuza umeme mtupu. Mimi naendesha haibridi Dodoma mpaka Dar na kituo cha mafuta nakipungia mkono.

#27 Dada_Hesabu
Hesabu ya 1:6:90 inasimama endapo madini ndiyo kikwazo na kitabaki kuwa kikwazo. Pia inalinganisha haibridi na gari la petroli ambalo mteja angenunua. Kama mteja angenunua haibridi hata hivyo, faida hiyo haipo.

#28 Haibridi_Damu
Dada, kila hesabu ya kupungua inalinganisha na kitu ambacho hakikutokea. Hata zako za #3.

#29 Kirinyaga_Road
Hamjambo ndugu zetu wa upande huo. Mimi nauza gari Nairobi. Niwaulize: hiyo sifuri ya gari ya umeme mnaikubali hivyo hivyo? Hapa Kenya karibu asilimia 90 ya stima ni ya mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, kwa hivyo tunakaribia. Lakini gari hiyo hiyo ikichajiwa mahali wanachoma makaa ya mawe, moshi umehama tu kutoka ekzosi hadi dohani.

#30 Mbongo_Stuttgart
Swali zuri, na kampuni chache zimelijibu hadharani. Volvo mwaka 2021 walipima gari lao la umeme, C40, tangu madini mpaka kusagwa, wakalinganisha na XC40 ya petroli kwa kilomita 200,000. Ya petroli tani 59. Ya umeme kwa wastani wa umeme wa dunia tani 50, kwa umeme wa Ulaya 42, kwa umeme wa upepo 27. Kulitengeneza tu la umeme kulitoa hewa ukaa asilimia 70 zaidi ya la petroli. Linaanza na deni, na deni linalipwa baada ya kilomita 49,000 kwa upepo au 110,000 kwa wastani wa dunia.

Gari moja lenye majibu matatu, na tofauti kati ya hayo haiko mikononi mwa Volvo. Iko kwa anayezalisha umeme.

#31 Kirinyaga_Road
Na hiyo kilomita 200,000 ndiyo inanichekesha. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu gari milioni 14 zilizotumika ambazo zilisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 zilikuja Afrika. Gari ikishuka Mombasa bado haijafika miaka minane, kwa sababu sheria yetu inakataa ya zaidi ya hapo, na kutoka hapo inaanza maisha ya pili. Teksi, shamba, watoto shule. Mimi nimewahi kurudishiwa kwa kuuza tena gari niliyoiuza mwenyewe, sasa ina kilomita 340,000, injini haijafunguliwa. Kwenye ripoti ya kampuni gari hiyo ilishakufa zamani.

#32 Dada_Hesabu
Hii ya #31 ni nzito kuliko inavyoonekana. Sehemu kubwa kuliko zote ya hewa ukaa ya kampuni ya magari hutoka kwenye magari yake yakiwa barabarani. Kampuni inapochagua kilomita za maisha ya gari, imechagua jumla yake yote. Mwenye kuandika 150,000 na mwenye kuandika 200,000 wanatofautiana kwa theluthi kabla hata ya kuwasha injini. Mkaguzi, ukichukua jumla kutoka ripoti zao, tafuta kwanza kilomita walizodhania, mara nyingi ziko kwenye maelezo madogo ya mwisho. Kisha zirudishe zote kwenye kilomita sawa.

#33 FundiWaGerezani
Ongeza na masega. Gari likishuka hapa halichukui miaka miwili kabla mtu hajalitoa sega la kusafishia moshi akaenda kuliuza, mahali pake linachomelewa bomba tupu. Nimeletewa magari mengi ya hivyo, ukiligonga ekzosi unasikia sauti ya debe.

#34 Mbongo_Stuttgart
Ni kweli na ni hatari kwa mapafu, ila kwa hewa ukaa sega halisaidii sana. Hewa ukaa inafuata lita ulizochoma: petroli kama kilo 2.3 kwa lita, dizeli kama 2.7. Ndiyo maana ni rahisi kuipima kuliko moshi mwingine wowote. Lita ngapi, basi.

#35 Kijana_Chang'ombe
Kwa hiyo kama Vitz langu linakula lita 6 kwa kilomita 100 natoa gramu 138? Na Coaster yenye abiria 30 inayokula lita 20 za dizeli ni gramu 540, yaani 18 kwa kila kichwa? Basi kampuni inayotengeneza Coaster ndiyo kinara, na mwendokasi ndiyo baba lao.

#36 Mzee_wa_Jimny
Mwendokasi ya Kimara saa moja asubuhi gawanya kwa abiria 200, kijana.

#37 Haibridi_Damu
Jamani turudi kwenye magari ya kampuni. Japani je? Wao si walianza na mfumo wa kumfuata aliye bora, mwaka 1999? Gari linalokula kidogo kuliko yote kwenye kundi lake ndilo linakuwa kipimo cha wote. Hakuna kubishana juu ya lengo, maana tayari kuna mtu amelifikia.

#38 Mbongo_Stuttgart
Mfumo mzuri, ila nao unasimama juu ya namba inayoletwa na kampuni yenyewe. Kabla ya rola kuna jaribio la kuachia: gari linapandishwa mwendo kwenye uwanja tambarare, gia inaachwa huru, unapima linavyopungua mwendo lenyewe. Hapo ndipo upepo na matairi vinapojulikana, na rola inawekwa uzito kulingana na majibu hayo. Aprili 2016 Mitsubishi walikiri kuchezea takwimu hizo kwenye magari madogo 625,000, na 468,000 kati yake waliyatengeneza kwa ajili ya Nissan. Nissan ndio waliogundua kwamba namba haziendani. Mwezi uliofuata Suzuki nao wakasema hawakufuata utaratibu, kwa maelezo kwamba uwanja wao uko kilimani karibu na bahari, upepo unawasumbua.

Na kuna kinyume chake. Mwaka 2018 kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kiligundua baadhi ya makampuni yanapima yakiwa na betri iliyoisha chaji ili namba ya hewa ukaa ipande. Sababu? Malengo ya 2025 na 2030 yangehesabiwa kama asilimia ya kupungua kutoka namba za 2021. Ukianza juu, kushuka ni rahisi. Kanuni ikabidi ibadilishwe itumie namba zilizopimwa badala ya zilizotangazwa.

#39 FundiWaGerezani
Kwa hiyo wakitaka namba ishuke wanaishusha, wakitaka ipande wanaipandisha. Nirudishieni karatasi yangu chini ya jeki.

#40 Kilomita_Sifuri
Walikamatwa, Fundi. Hao wote uliowasoma hapo walikamatwa na vipimo, hawakukamatwa na jeki.

#41 Mkaguzi_Kinondoni
Nimesoma yote. Rasimu yangu: alama 8 kwa wastani wa kampuni uliorekebishwa kwa takwimu za barabarani, 6 kwa mabadiliko ya miaka mitano, 4 kwa jumla ya uzalishaji kwa kilomita sawa za maisha, 2 kwa kuwa na ripoti iliyokaguliwa na mtu wa nje. Mnasemaje?

#42 Dada_Hesabu
Nimeijaribu haraka kwa kampuni tatu. Ukitoa alama mbili kwenye wastani ukaziweka kwenye mabadiliko, wa kwanza anakuwa wa tatu. Maana yake mshindi anachaguliwa na aliyegawa 8, 6, 4 na 2, na huyo ni wewe. Tangaza mgawanyo kabla ya kufungua bahasha, na andika sababu ya kila namba. Usijaribu kuuita wa kisayansi.

#43 Kilomita_Sifuri
Mimi nitaendelea kusema: kipimo kimoja kibovu kinachoeleweka na wote ni bora kuliko vinne vinavyobishaniwa.

#44 FundiWaGerezani
Swali la kijinga. Magari yanaenda wapi?

#45 Mkaguzi_Kinondoni
Mahenge na Malinyi, mwaka mzima.

#46 FundiWaGerezani
Basi utanunua mkonga. Land Cruiser hardtop, injini ya 1HZ, dizeli, sisilinda sita, haina tabo. Ikiwa na mzigo kwenye tope la Machi lita moja inakupa kilomita saba ukiwa na bahati. Piga hesabu na hizo kilo za dizeli alizosema wa Stuttgart.

#47 Mbongo_Stuttgart
Karibu gramu 386 kwa kilomita. Na hardtop hiyo haiuzwi Ulaya kama gari la kawaida, mashirika ya misaada huinunua kupitia wauzaji maalumu. Kwa hiyo ule wastani wa chini ya gramu 100 aliouweka Mkaguzi hapo #1 haukuwa na gari hilo hata moja.

#48 Haibridi_Damu
Hiyo si haki kwa Toyota. Kila kampuni inauza magari magumu kwenye nchi ngumu.

#49 Dada_Hesabu
Basi wastani wa dunia nzima ndio utumike, kwa kampuni zote, pamoja na hardtop na Hilux za Ghuba na Australia. Mkaguzi, muulize mfadhili kwa barua: kampuni ipimwe kwa soko gani? Hilo peke yake linaweza kugeuza orodha yako juu chini.

#50 Mkaguzi_Kinondoni
Barua inatoka kesho. Wakati nasubiri jibu, kuna mwenye takwimu za mauzo kwa soko, hasa Afrika na Ghuba, za kampuni nyingine mbali na Toyota?

#51 Kirinyaga_Road
Nina za Kenya za gari mpya. Za mtumba hakuna kampuni itakayokubali ni zake.